Maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu atelye (karakana) ya kuchapa sanaa hapa Lubumbashi

Maswali ni yaleyale kila wiki, kwenye WhatsApp, mlangoni, hata kwenye matanga mtu anakuvuta pembeni akuulize bei ya presi, ile mashini ya kukandamiza karatasi kwenye bamba. Tumeyaweka hapa yote. Kama swali lako halimo, tuandikie, lakini soma kwanza tafadhali.

Mukubwa, hii ni emprimeri? Naweza kuleta mialiko ya ndoa?

Hapana ndugu, mialiko peleka kwa watu wa mialiko, watakufanyia haraka na kwa bei ya chini kuliko sisi. Hapa tunachapa kazi za wasanii kwa mkono, moja moja, kutoka kwenye bamba la shaba, mbao, lino (tandiko laini la sakafu linalochongeka) au kitambaa cha serigrafia (wino unapita kwenye matundu yake). Chapa moja ya shaba, kupaka wino, kufuta na kupitisha kwenye presi, inaweza kula nusu saa nzima. Ukituletea mialiko mia tatu tutamaliza wakati bibi harusi ameshazaa.

Yaya, mimi ni mchoraji wa rangi, presi sijawahi hata kuigusa. Naweza kuja?

Njo wewe tunayekungoja! Watu wengi wanafikiri lazima ujifunze kuchapa miaka mitatu kwanza ndiyo uje, hapana. Msanii anakuja na kichwa chake na mkono wake, mchapaji anakuja na ujuzi wa wino, karatasi na presi, wanakaa meza moja. Ni kama mwimbaji na yule mtu wa studio, wimbo ni wa mwimbaji lakini bila yule wa nyuma ya mashini usingesikika vile.

Utaratibu huu haukuzaliwa kwetu. Paris, Stanley William Hayter alifungua Atelier 17 mwaka 1927, wasanii wakubwa na wadogo wakawa wanajaribu vitu kwenye meza zilezile. Marekani, Tatyana Grosman alianzisha Universal Limited Art Editions mwaka 1957, na mwaka 1960 June Wayne akafungua Tamarind kule Los Angeles kwa sababu wachapaji wa litografia (kuchapa kwa kutumia jiwe) walikuwa wanaisha, msanii akitaka kuchapa jiwe hapati mtu wa kumsaidia. Aliona kwamba bila kufundisha wachapaji wasanii watabaki na mawazo tu. Mwaka 1970 Tamarind ikahamia Chuo Kikuu cha New Mexico, Albuquerque, na inafundisha mpaka leo. Mimi huyo mama Wayne namheshimu sana, maana huku kwetu kila mtu anataka kuwa msanii, anayetaka kuwa mchapaji humpati hata kwa tochi.

Sasa kazi inaenda vipi, siku ya kwanza mpaka ya mwisho?

Siku ya kwanza mara nyingi hatuchapi kitu. Tunaongea, tunaangalia michoro yako, mchapaji anakuuliza maswali ambayo yatakuchosha: unataka mstari mkali au wenye manyoya, nyeusi yako iwe ya moto au ya baridi, picha ijae karatasi au ibaki na ukingo. Halafu unafanya kabamba kadogo ka kujaribu, unaharibu bila woga.

Baadaye unaingia kwenye bamba lenyewe. Unachonga, tunatoa chapa ya jaribio, tunaibandika ukutani, unaiangalia, unarudi kuchonga. Inaweza kuwa mara tatu, inaweza kuwa mara kumi na mbili, na hapo ndipo ushirikiano unaonekana kama upo au ni maneno matupu, kwa sababu mchapaji lazima awe na ujasiri wa kukuambia hii nyeusi imekufa, na wewe lazima uwe na ujasiri wa kumwambia acha, mimi njo ninaitaka ikiwa imekufa. Neno la mwisho yulu ya picha ni la msanii. Neno la mwisho yulu ya asidi na presi ni la mchapaji. Hilo halijadiliwi.

Ukipata chapa unayoikubali kabisa unaandika B.A.T. chini yake na kusaini, maana yake ruhusa ya kuchapa imetoka. Ile inabaki mbele ya mchapaji, zote zinazofuata lazima zifanane nayo. Isiyofanana inachanwa. Ndiyo, inachanwa, hata kama shangazi yako ameipenda.

Kama ziko ishirini, kwanini mnasema kila moja ni orijinali? Si ni kopi?

Swali la kila mnunuzi, na si la kijinga. Kopi ni pale kitu kilishakuwepo kwanza, mchoro wa rangi kwa mfano, halafu mtu akaupiga picha akautoa kwenye mashini. Kwetu hakuna kitu kilichotangulia. Bamba la shaba si picha, ukilitundika ukutani ni chuma chenye mikwaruzo, tena iliyogeuka kushoto kulia. Picha inazaliwa kwenye karatasi tu, na kwa kila karatasi bamba linapakwa wino upya.

Idadi ya chapa, yaani tiraji, inaamuliwa kabla ya kuanza. Tukisema 20, ni 20. Kila moja inaandikwa kwa penseli chini: namba kushoto, 7/20 tuseme, jina la kazi katikati, saini kulia. Penseli kwa sababu haififii na ni ngumu kuiga kwa mashini. Pembeni ya hizo kuna chapa za msanii, zinaandikwa E.A., desturi ni kama asilimia 10 ya tiraji, kuna H.C. zisizo za kuuzwa, na kuna moja ya mchapaji. Hizo zote nazo zinaandikwa kwenye daftari. Mtu akikuuzia kazi ya tiraji ya 20 ambayo iko na E.A. 15, kimbia.

Halafu namba 1/20 haina uzuri kuzidi 20/20, wala haimaanishi ilitoka ya kwanza, maana tunaziandika namba wakati zimeshakauka na kuchanganyika. Wanunuzi wanagombania namba moja, wasanii wanapandisha bei, mimi nacheka.

Tiraji ikiisha bamba linafutwa, tunapiga mstari mkubwa wa kukata picha, tunachapa moja kuonyesha limekufa, inaingia kwenye faili. Msanii analia kidogo siku hiyo. Lakini aliyelipa makuta yake kwa moja kati ya 20 anatuamini kwa sababu ya ule mstari, si kwa sababu ya maneno yetu matamu.

Ninachagua ufundi gani?

Kama unapenda kukata, nyeupe na nyeusi zinazogongana, chukua lino au mbao. Lino ni laini, haina nyuzi za kukusumbua, jua kidogo linatosha kuilainisha zaidi. Ni shule nzuri sana, John Muafangejo wa Namibia alijifunza kule Rorke's Drift, Afrika Kusini, miaka ya 1960, na kazi zake za lino mpaka leo zinafundisha watu jinsi ya kujaza ukurasa. Ukitaka rangi nyingi kwa lino moja, unakata kidogo unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unakata tena unachapa ya pili, mpaka lino yenyewe inaisha. Huwezi kurudi nyuma, hakuna kuongeza tano baadaye.

Kama wewe ni wa mistari myembamba, ya kunong'ona, njoo kwenye shaba. Unaweza kukwaruza kwa sindano moja kwa moja, na ile nywele ya chuma inayoinuka pembeni ya mstari inashika wino na kutoa weusi kama velu, kile kitambaa cha manyoya mafupi. Uzuri huo hauishi sana, presi inailaza, chapa kumi, ishirini hivi, tayari imefifia, njo maana tiraji za namna hiyo ni ndogo. Au unapaka vanishi, unachora juu yake, asidi inakula mstari, na hiyo inavumilia chapa nyingi zaidi.

Serigrafia mnaijua wote, ndiyo ya tisheti za kampeni. Usiidharau, kwa rangi bapa na kubwa haina mpinzani. Litografia kwa sasa hatufanyi. Ufundi wenyewe ni mtamu, Senefelder wa Ujerumani aliugundua mwisho wa karne ya 18, mafuta na maji havipatani basi wino unashika penye mafuta tu, lakini yale mawe mazuri yanatoka Solnhofen kule Bavaria na kuyabeba mpaka hapa ni mzigo wa mtu mwenye wazimu kunizidi.

Tuko Lubumbashi, mji wa shaba. Bamba la shaba si karibu bure?

Haa! Kila mtu anauliza hili na kila mtu anaondoka na huzuni. Shaba inayotoka hapa kwenye malori ni katodi, zile sahani nene, nzito, zenye uso wa chunusi, hazichongeki na hazipiti kwenye presi. Sisi tunataka shaba iliyopitishwa kwenye roli ikawa bamba nyororo la milimita 1 hivi, na kwa kazi hiyo shaba ya Katanga inasafiri mpaka nchi za nje inarudi ikiwa na bei nyingine na jina lingine. Unasimama kando ya barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpaka wa Zambia, unahesabu malori, mfukoni uko na fakture ya bamba tatu kutoka ng'ambo. Hasira hiyo wasanii wawili watatu wameshaifanyia picha, na hawajakosea.

Njia ziko. Wale mafundi wanaofanya picha za shaba kwa nyundo, mnawajua, kila sebule ya hapa iko na moja, wanajua mabamba yanapatikana wapi, ingawa wanayotumia ni membamba, ukiyagundisha kwenye ubao mwembamba uliosawazishwa yanafaa kwa kukwaruza. Bati la zamani la shaba kutoka kwa wauza vyuma nalo linafaa kama halina mashimo, ila usinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kusema kimetoka wapi. Waya za umeme na vyuma vya reli vilivyoibwa havina nafasi kwenye atelye yetu hata kama bei ni ya kuchekesha. Halafu lisugue bamba, lisugue tena, kingo uzipige tupa zilale, ukingo mkali unachana karatasi na unakata blanketi za presi, na blanketi hizo ni ghali kuliko wewe.

Asidi je? Mama yangu anasema nitakufa.

Mama ana haki ya kuogopa. Zamani watu walitumia asidi ya nitriki, ikila shaba inatoa moshi wa rangi ya chungwa ambao ni sumu ya mapafu. Sisi hatuitumii. Kwa shaba tunatumia perkloriri ya chuma, haitoi moshi ule, inachafua tu kila kitu rangi ya kahawia, nguo, vidole, sinki. Inaacha tope ndani ya mistari, njo maana bamba linalala kifudifudi ndani ya beseni au unaongeza asidi ya limau kidogo, njia ambayo Friedhard Kiekeben aliitoa Edinburgh miaka ya 1990 na kwa kweli inafanya mstari safi na haraka. Zinki na aluminiamu USIZIWEKE humo, inachemka na kutoa gesi. Kwa hizo kuna silfati ya shaba na chumvi, na silfati ya shaba wakulima wanaijua.

Glavu, miwani, dirisha wazi, basi. Unga wa kolofani (utomvu mkavu wa msonobari) wa kutengeneza kijivu tumeuacha, unaingia kifuani na unaweza kuwaka, tunapuliza rangi ya kopo badala yake.

Perkloriri iliyochoka hatuimwagi kwenye mfereji. Ina shaba ndani, na maji ya mji huu yameshakunywa vyuma vya kutosha. Tunaongeza soda ya kufulia polepole, inatoa povu, tunapima mpaka ukali uishe, tope linashuka chini, tunalichuja na kulifungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukitaka kufungua atelye yako na hujapanga hili, bado hujawa tayari.

Na kitu ambacho watu hawakiogopi lakini wangepaswa: matambara. Wino wetu una mafuta ya kitani, tambara likikunjwa na kutupwa kwenye kona linapata joto lenyewe mpaka linawaka, bila kiberiti. Yaende kwenye ndoo ya chuma yenye maji, kila jioni. Artist Proof Studio ya Johannesburg, ambayo Kim Berman na Nhlanhla Xaba waliianzisha mwaka 1991, iliungua mwaka 2003 na Xaba akafia humo. Sisemi ni matambara yaliyowaka, nasema tu kwamba nyumba iliyojaa karatasi na mafuta haichezewi.

Kusafisha tunatumia mafuta ya kupikia halafu sabuni. Esansi abaki nayo mwenye motokari.

Naweza kutumia karatasi ya kawaida, ya fotokopi?

Kwa majaribio ya lino, sawa. Kwa tiraji hapana, inageuka njano na kuvunjika. Tunatumia karatasi ya pamba, gramu 250 mpaka 300, isiyo na asidi. Kwa shaba inalowekwa kwanza, inakaushwa juu juu, ikiwa laini presi inaisukuma mpaka chini ya mstari inakamata wino. Hapa ndipo majira yanatutawala. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, mvua, karatasi iliyolowa ukiisahau siku mbili tatu chini ya plastiki unakuta ukungu. Mwezi wa 7 ni kinyume, karatasi inakauka mikononi mwako ukitembea kutoka beseni mpaka presi, na vumbi jekundu linatafuta wino mbichi. Karatasi nyingi zinakuja kwa barabara kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia, mpakani zinaweza kulala, kwa hiyo agiza kabla ya kuwa na haja, na agiza zaidi ya tiraji yako, karibu robo zaidi, kwa ajili ya zile zitakazochanwa.

Umeme ukikatika?

Presi inazungushwa kwa mkono. Tunahitaji mwanga na mabega.

Nani analipa nini? Tusifichane.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, unatulipa kazi: siku za mchapaji, karatasi, wino, bamba. Chapa zote ni zako, unauza unavyotaka. Ya pili, atelye inabeba gharama kama mchapishaji, wewe unaleta kazi na muda wako, mwisho tunagawana. Kawaida kwenye atelye nyingi duniani ni nusu kwa nusu, ama chapa zenyewe zinagawanywa ama mauzo yanagawanywa baada ya kutoa gharama. Tuseme tiraji ni 20, gharama dola 400, kila chapa inauzwa dola 60. Zikiisha zote ni 1200, toa 400, inabaki 800, kila mmoja 400. Lakini "zikiisha zote" ni neno kubwa, mara nyingi tano zinatoka haraka, kumi na tano zinalala kwenye droo miaka, njo maana kwenye njia ya pili hatuchukui kila mtu. Inauma kukataa kijana mwenye kipaji, lakini droo iko na mwisho.

Na bei iwe moja. Ukiuza dola 60 kwenye maonyesho halafu 25 usiku kwa rafiki, wale waliolipa 60 watajua, Lubumbashi ni mji mdogo kuliko unavyofikiri.

Lazima kontra? Si tunajuana?

Kwa sababu tunajuana njo lazima. Ukurasa mmoja unatosha: idadi ya tiraji, nani anabeba gharama, mgawanyo, bamba linabaki kwa nani na linafutwa lini, chapa zisizouzwa zinafanywaje mmoja akifa au akihama. Watu hawapendi hilo la kufa, tunaliandika hivyohivyo. Sheria ya haki za mwandishi ya nchi yetu, ile ordonansi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda msanii, kununua karatasi si kununua haki ya picha. Atelye pia haina ruhusa ya kuweka picha yako kwenye kalenda bila wewe kukubali, hata kama ilichapwa kwetu na hata kama kalenda ni ya parokia.

Mchapaji naye anasaini?

Hasaini mbele. Anapiga muhuri mkavu wa atelye, usio na wino, kwenye kona ya chini, na jina lake linaandikwa kwenye cheti cha tiraji pamoja na tarehe, karatasi na wino uliotumika. Kuna wasanii wanaoomba muhuri usionekane, wanataka ionekane walifanya peke yao. Hao tunawashukuru, tunawafungulia mlango watoke.

Hii sanaa si ya wazungu?

Presi imetoka kwao, kweli, na hadithi yetu na wao haijanyooka. Le Hangar, atelye ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mwaka 1946 mji ukiitwa bado Elisabethville, ilikuwa ya mzungu aliyeamua wachoraji waachwe na "uasili" wao, na hilo wengine tunaliuliza maswali mpaka leo. Lakini mkono wa wachoraji wa pale, wa Pilipili Mulongoy, wa Bela aliyepaka kwa vidole, wa Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi iliyosukana, ule haukutoka Ulaya. Mwenze nikimwangalia naona mchongaji wa shaba ambaye hakupewa bamba tu. Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua shule ya sanaa ambayo leo ni Akademi ya sanaa, na tangu 2008 tuko na Biennale, maonyesho ya kila miaka miwili, ya watu wa Picha, chama cha wasanii wa hapa. Mtu anayesema sanaa si ya hapa, mji wenyewe unamjibu.

Presi nainunua wapi?

Usinunue, itengeneze. Kuagiza ng'ambo, usafiri unaweza kuzidi presi yenyewe. Mji huu umejaa mafundi wa kuchomelea na wa kukereza vyuma waliozoea mashini za migodi, roli mbili na meza ya chuma kwao si kitu. Waambie mambo matatu tu: roli ziwe duara kamili na nyoofu mwisho mpaka mwisho, meza isipinde, na skrubu za kukaza ziwe na alama pande zote mbili ili ukaze sawasawa. Roli iliyopinda hata kidogo itakupa picha nyeusi kushoto na kijivu kulia maisha yako yote.

Mnachukua watu wa staji?

Ndiyo, wachache. Miezi ya kwanza utakata karatasi, utasaga wino, utafuta mabamba ya wengine. Wengi wanakimbia wiki ya pili. Anayebaki tunamlipa usafiri na chakula, na akianza kuchapa tiraji za watu anapata sehemu yake, maana kazi ya bure yenye jina la mafunzo hatuipendi.

Naweza kuja na watoto?

Upande wa lino na presi, ndiyo, wanapenda kuzungusha gurudumu. Upande wa asidi hapana, hata mkilia wote. Viatu vya kufunika, si sandali.